Chupa nne, kanuni moja: kisa cha arki za nyumbani zilizogoma kukolea

Usuli

Mwokaji mmoja anayepika keki nyumbani kwa oda aliamua kuachana na arki za dukani, yaani vimiminika vya kutilia ladha, na kujitengenezea zake. Alitaka nne: vanila, limau, mnanaa na tangawizi. Ya tangawizi ilikuwa ya mteja asiyetumia alkoholi kabisa, kwa hiyo ingeloweshwa kwenye gliserini ya chakula. Tatu zilizobaki zingeloweshwa kwenye vodka ya asilimia 40.

Hakuwa mgeni jikoni. Ana mizani ya dijitali, hupima unga kwa gramu, na vyombo vyake ni safi. Siku ya arki, hata hivyo, mizani haikuguswa. Kanuni aliyoifuata ilikuwa ya kukadiria kwa macho: tia kiungo, mimina kimiminika hadi shingoni, funga, weka gizani wiki sita, tikisa kila unapokumbuka.

Kanuni hiyo ina ukweli wake. Kwa kiungo kikavu kinachoachia ladha polepole, inafanya kazi. Kasoro ni kwamba ilitumika kwa viungo vinne ambavyo havina undugu wowote. Taarifa za kumtambulisha mhusika zimeondolewa, na vipimo vilivyotajwa kwa duru ya kwanza ni makadirio yaliyofanywa baadaye.

Kilichoingia chupani

Chupa ya vanila ilipata vijiti sita, kila kimoja kikikatwa vipande viwili bila kupasuliwa kwa urefu, na vodka mililita 500. Vijiti hivyo vina uzito wa karibu gramu 3 kila kimoja, kwa hiyo jumla ni gramu 18.

Chupa ya limau ilipata maganda ya malimau manane yaliyomenywa kwa kisu, mazito, pamoja na utando mweupe wa ndani: karibu gramu 200, na vodka mililita 400.

Mnanaa uliingia ukiwa umetoka kuoshwa, gramu 120 za majani zilizoshindiliwa kwa kijiko, na vodka mililita 350. Majani ya juu yalielea na kubaki nje ya kimiminika.

Tangawizi ilikuwa mbichi, gramu 250, imekwanguliwa. Kwa kuwa gliserini ni nzito na haimiminiki kirahisi, mwokaji aliipunguza kwa maji nusu kwa nusu: mililita 200 za gliserini, mililita 200 za maji.

Mambo yalivyokwenda

*Siku ya tisa.* Kifuniko cha chupa ya tangawizi kilikuwa kimetuna. Kilipofunguliwa gesi ilitoka kwa mshindo, povu likapanda, na harufu ikawa ya uchachu kama unga uliolazwa na hamira. Mwokaji alitaka kuichemsha ili kuiokoa. Uamuzi uliochukuliwa baada ya kushauriana ulikuwa kuimwaga yote. Kuchemsha kungeua hamira iliyokuwa ikifanya kazi, lakini kusingeondoa yote iliyokwisha zalisha. Isitoshe, chupa hiyo ilikaa siku tisa bila hewa, ikiwa na kiungo kilichotoka ardhini, bila alkoholi wala asidi ya kutosha. Humo kuna uwezekano wa kuota vijidudu ambavyo sumu yake haionekani wala hainusiki. Tangawizi ni rahisi kupata tena, na hakuna sababu ya kubahatisha.

*Wiki ya tatu.* Vanila ilikuwa na rangi ya chai hafifu. Ili kuiharakisha, mwokaji aliweka chupa, ikiwa imefungwa, ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la gesi. Baada ya dakika chache harufu kali ya vodka ilijaa jikoni, naye akazima moto. Hapakutokea madhara, lakini yangeweza kutokea. Vodka ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzijoto 26 hivi, yaani joto la kawaida la chumba chenye joto kidogo. Alkoholi yenyewe huchemka kwenye nyuzijoto 78, maji yakiwa bado hayajachemka. Chupa iliyofungwa ikipata joto hilo hujaa shinikizo. Ikipasuka au ikivuja juu ya mwali, huo ni moto wa jikoni.

*Wiki ya nne.* Likaja wazo la chupa ya tano, arki ya lozi, kutokana na mbegu zilizomo ndani ya kokwa za aprikoti, ambazo zina harufu hasa ya lozi. Wazo hili lilikataliwa siku hiyohiyo. Harufu hiyo hutoka kwenye amigdalini, kemikali iliyomo ndani ya mbegu hizo, na amigdalini ikivunjika kwenye majimaji hutoa benzaldehidi, ambayo ndiyo ladha inayotafutwa, pamoja na sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Viwandani mafuta hayo husafishwa kuondoa sianidi. Jikoni hakuna njia ya kujua imebaki kiasi gani. Lozi tamu za kawaida hazina hatari hiyo, ila hazina harufu hiyo pia: ukizilowesha mwaka mzima utapata vodka yenye ladha ya karanga.

*Wiki ya sita.* Zilizobaki zilionjwa. Mililita 1 ya kila arki iliwekwa kwenye mililita 100 za maziwa ya uvuguvugu yenye gramu 10 za sukari, pembeni ya kikombe chenye arki ya dukani. Kuonja arki peke yake mdomoni hakusaidii, kwa sababu ukali wa alkoholi hufunika kila kitu. Maziwa yenye sukari huonyesha kilichobaki baada ya ukali kuzimika.

Vanila ilikuwa nzuri lakini nyembamba. Kwenye maziwa ilisikika kwa mbali. Limau lilikuwa chungu, la rangi ya mawingu, na badala ya harufu ya limau bichi lilitoa kitu kinachokaribia kiyeyusha rangi. Mnanaa ulikuwa kahawia na kunuka nyasi zilizolala mvuani.

Tatizo lilipokuwa

Mwokaji alilaumu vodka, akidhani ni ya ubora hafifu. Haikuwa hivyo. Chupa tatu kati ya nne zilikuwa na tatizo moja ambalo kanuni yake haikulitaja: maji yaliyomo ndani ya kiungo chenyewe.

Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ya vodka ni ya vodka kabla haijakutana na kitu. Mmea mbichi ukishaingia, maji yake hutoka na kuchanganyika nayo. Majani ya mnanaa yana maji takriban asilimia 85. Tangawizi mbichi na ganda la limau, takriban 80. Hesabu ni hii: zidisha ujazo wa vodka kwa asilimia yake upate alkoholi halisi, kisha gawa kwa ujazo wa vodka ukijumlisha maji ya kiungo. (Alkoholi na maji vikichanganywa hupungua ujazo kidogo, lakini tofauti hiyo haibadilishi uamuzi wowote wa jikoni.)

Kwa limau: mililita 400 × 0.40 ni mililita 160 za alkoholi. Gramu 200 za ganda zina maji karibu mililita 160. Basi 160 ÷ 560 ni asilimia 29.

Kwa mnanaa: 350 × 0.40 ni 140. Maji ya majani ni karibu 100. Basi 140 ÷ 450 ni asilimia 31.

Kwa tangawizi hesabu ni ya gliserini: mililita 200 kati ya jumla ya 600, yaani 400 za mwanzo na 200 za maji ya tangawizi. Ni asilimia 33. Gliserini huhifadhi kwa kuyashika maji ili vijidudu visiyapate. Ikiwa nyingi inafanya kazi hiyo vizuri. Ikiwa theluthi moja tu ya mchanganyiko, inageuka kuwa maji matamu yenye chakula cha hamira. Desturi ya wanaotengeneza arki za gliserini ni kutoshuka chini ya asilimia 60 katika mchanganyiko wa mwisho, na walio waangalifu huanza na sehemu tatu za gliserini kwa moja ya maji, huku kiungo kikiwa kikavu.

Asilimia 29 na 31 za alkoholi zinatosha kuzuia uozo. Kwa hiyo limau na mnanaa havikuharibika kwa maana ya kuwa hatari. Vilishindwa kwa ladha, na hapo kila kimoja kina kisa chake.

Harufu ya limau imo kwenye vifuko vidogo vya mafuta katika ngozi ya juu yenye rangi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kile ambacho wanakemia hukiita limonene, na harufu hasa ya limau huletwa na sitrali, iliyomo kwa kiasi kidogo. Mafuta haya huyeyuka vizuri kwenye alkoholi kali, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo yanavyokataa. Kwenye asilimia 29 kidogo kilichotoka kilibaki kikielea kama matone madogo mno. Hayo ndiyo mawingu yaliyoonekana. Matone hayo, kwa wiki sita na hewa iliyokuwa juu ya chupa, yalioksidika na kuanza kunuka rangi ya mafuta. Wakati huohuo utando mweupe, ambao karibu hauna mafuta ya harufu, ulikuwa ukitoa uchungu wake bila shida yoyote. Mwokaji alitengeneza, kwa ufanisi mkubwa, arki ya uchungu wa limau.

Mnanaa uliharibiwa zaidi na muda kuliko maji. Jani laini huachia mafuta yake ndani ya siku chache. Baada ya hapo kinachoendelea kutoka ni klorofili na ladha ya majani, na klorofili ikikaa hugeuka kahawia. Majani yaliyoelea juu yalikuwa meusi kabla ya wiki mbili.

Vanila ndiyo pekee ambayo kanuni iliifaa. Kijiti kilichoandaliwa ni kikavu kiasi, ladha yake hutoka polepole, na kinahitaji alkoholi pamoja na maji: vanilini, ambayo ndiyo ladha kuu ya vanila, na utomvu hufuata alkoholi, sukari na rangi hufuata maji. Vodka ya asilimia 40 ni mizani nzuri ya hivyo viwili. Kasoro ilikuwa kipimo. Kanuni za Marekani, ambazo wengi huzitumia kama rula, zinataka kitu kiitwacho arki halisi ya vanila kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35 na aunsi 13.35 za vijiti kwa kila galoni. Ukigeuza, ni karibu gramu 100 kwa lita moja, kwa vijiti vyenye unyevu usiozidi asilimia 25. Chupa ya mwokaji ilikuwa na gramu 36 kwa lita, kidogo zaidi ya theluthi moja.

Duru ya pili

*Vanila* haikumwagwa. Vijiti vya zamani vilipasuliwa kwa urefu, vikakatwa vipande vya sentimita 2, na gramu 32 za vijiti vipya zikaongezwa ili kufikisha gramu 50 kwa mililita 500. Vijiti vilivyochaguliwa ni vikavu, vyembamba, vilivyokunjamana, vinavyouzwa kwa ajili ya arki. Vile vinono na laini huwa na unyevu wa asilimia 30 na kuendelea, kwa hiyo unalipia maji. Kila kipande kilizamishwa. Kuharakisha kuliachwa: hakuna moto, ni kabati la giza na kutikisa mara moja kwa wiki.

Kwenye kijiti kimoja kipya kulikuwa na weupe, mwokaji akataka kukitupa. Kilisogezwa kwenye mwanga: weupe uling'aa kama sindano ndogo za kioo. Hiyo ni vanilini iliyoganda, ni dalili njema. Ukungu haung'ai, una manyoya na harufu ya uvundo.

*Limau* lilianza upya kwa alkoholi ya chakula ya asilimia 95. Sisitizo liko kwenye neno chakula. Spiriti ya kusafishia vidonda, ya kuchomea au ya kutakasia mikono haifai hata tone moja. Nyingine ni isopropili, nyingine zimetiwa methanoli au uchungu makusudi. Malimau yalioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa ili kuondoa nta, yakakaushwa kabisa, kisha ngozi ya njano pekee ikaparuzwa kwa kikwangulio chembamba. Zilipatikana gramu 40, kwa mililita 250 za alkoholi. Hesabu: 237.5 ÷ 282 ni asilimia 84. Siku ya saba maganda yalikuwa yamepauka na kukatika kama karatasi kavu, dalili kwamba yametoa yote. Yalichujwa kwa karatasi ya kuchujia kahawa na arki ikaingizwa kwenye vichupa vidogo vya rangi, vilivyojazwa hadi juu ili hewa isibaki.

Alkoholi kali ya namna hii huwaka kwa urahisi kuliko vodka. Kazi yote ilifanyika jiko likiwa limezimwa.

*Mnanaa* ulipata gramu 30 za majani yaliyooshwa na kukaushwa juu ya kitambaa usiku kucha, yakapigwapigwa kidogo kwa mkono badala ya kukatwakatwa, ndani ya mililita 250 za vodka ileile. Baada ya siku tatu majani yalitolewa, yakawekwa mapya gramu 30 kwa siku tatu nyingine. Hata baada ya mara mbili alkoholi ilibaki asilimia 33. Kubadilisha majani huongeza harufu bila kungoja ile ya nyasi ianze kutoka.

*Tangawizi* ilikuwa kavu, ya vipande, gramu 40. Si ya unga, kwani unga kwenye gliserini hugeuka tope lisilochujika. Kimiminika kilikuwa gliserini mililita 225 na maji yaliyochemshwa mililita 75. Hapa joto liliruhusiwa, kwa kuwa hakuna alkoholi: chupa ilikalishwa wazi kwenye maji ya nyuzijoto 60 kwa saa tatu, ikafungwa, ikakaa wiki tano. Ilipashwa tena kidogo kabla ya kuchujwa, maana gliserini baridi hukaa juu ya kitambaa bila kushuka.

Matokeo

Limau lilikuwa tofauti kama usiku na mchana. Tone moja kwenye glasi ya maji baridi lilitoa wingu jeupe papo hapo: mafuta yaliyokuwa yameyeyuka yalitengana yalipokutana na maji. Arki iliyokamilika ikitoa wingu hilo ndani ya maji, ni cheti cha kwamba mafuta yamo. Nusu kijiko cha chai kilifanya kazi ya kijiko kizima cha arki ya dukani.

Vanila, wiki nane baada ya kuongezwa, ilitosha kwenye krimu na kastadi lakini ilipotea kwenye keki. Ilipotimiza miezi sita ilikuwa nzito, kahawia iliyokolea, na ndani ya krimu ilipita ya dukani. Kwenye keki zilikaribiana tu, na baadhi ya waonjaji walipenda ya dukani. Hili lisimshangaze mtu. Arki nyingi za dukani ni vanilini ya kutengenezwa, sauti moja iliyo kali; vanila ya kijiti ina manukato mengi madogo ambayo oveni huyafukuza. Mwokaji sasa huweka ya kwake kwenye vitu visivyookwa, na hapo amefanya hesabu nzuri.

Tangawizi haikuchacha. Ina ukali wa kutosha, kwani kukausha hugeuza sehemu ya jinjeroli, kiletacho ukali wa tangawizi mbichi, kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Harufu mbichi ya tangawizi, ile inayofanana na limau, haimo. Gliserini haivuti mafuta kama alkoholi. Kijiko kimoja kilibidi kiwe viwili, na kwa kuwa gliserini ni tamu sukari ya keki ikapunguzwa kidogo. Hukaa kwenye jokofu.

Yaliyofanya kazi na yaliyobaki na kasoro

Kupima kwa gramu ndiko hasa kulikotatua vanila. Kuhesabu maji ya mmea kulionyesha udhaifu wa chupa tatu kwa mkupuo, na mwokaji huandika asilimia ya mwisho kwenye lebo, pamoja na gramu za kiungo, tarehe ya kulowesha na tarehe ya kuchuja. Kumwaga tangawizi ya kwanza ulikuwa uamuzi sahihi hata kama pengine ingekuwa salama.

Chupa za kwanza za limau na mnanaa, kwa upande mwingine, zilipaswa kuonjwa mapema. Kama mnanaa ungeonjwa siku ya tatu na ya tano, ungeokolewa. Kungoja wiki sita bila kufungua ni nidhamu ya vanila.

Alkoholi ya asilimia 95 haipatikani kwa kila mtu. Asiyekuwa nayo asilazimishe limau kwenye vodka. Afikiche ngozi iliyoparuzwa na sukari ya keki kwa vidole mpaka sukari iwe na unyevu na rangi, gramu 5 hivi kwa gramu 200 za sukari. Mafuta huingia kwenye sukari moja kwa moja, na keki hunukia kuliko ingetiwa arki dhaifu.

Mnanaa ndio ambao haukufika ulipotarajiwa. Arki ya pili ni safi, ya kijani hafifu, inanukia majani mabichi, lakini haina ule ubaridi wa peremende ambao wateja huudai. Muda na kipimo havihusiki hapo. Mnanaa wa jikoni uliotumika ni ule ambao harufu yake ni kavoni; ubaridi huletwa na mentholi, ambayo imo kwa wingi kwenye aina nyingine ya mnanaa, ile inayokamuliwa mafuta ya peremende. Mwokaji ametafuta mche wa aina hiyo na kuupanda kwenye kopo. Wakati unakua, oda za peremende zinaendelea kutumia arki ya dukani.